Jiwe la kibofu lisilo la kawaida: mwongozo kamili wa kulisaka kwa ultrasaundi, eksirei na siti-skani

Mgonjwa anashuka stendi ya Nanenane, Dodoma, na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha kuna rufaa iliyoandikwa "UTI sugu", vyeti vya dozi nne au tano za antibayotiki, na filamu ya eksirei iliyoishia juu kidogo ya kinena. Jiwe lake liko sentimita mbili chini ya pale filamu ilipokatwa. Nimeyaona haya mara nyingi kiasi kwamba sishangai tena, nakasirika tu.

Mwongozo huu ni wako wewe tabibu wa kituo cha afya, na wewe mtaalamu wa mionzi wa hospitali ya wilaya, uwe Kongwa, Bahi, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni. Jiwe la kawaida, la mviringo, jeupe, linalobingirika katikati ya kibofu, halihitaji maelezo marefu. Tunapotea kwenye yale yasiyoonekana kwa eksirei, yasiyohama, yaliyojificha kwenye kifuko, au yaliyojijenga juu ya kitu ambacho hakikupaswa kuwamo. Mengi kati ya hayo hukamatwa kwa jambo moja lisilo na gharama: kumgeuza mgonjwa. Nitalirudia hadi ulichoke.

## Andaa hivi kwanza

- Mashine ya ultrasaundi yenye probu (kile kichwa kinachopitishwa mwilini) ya tumbo, megahezi 2 hadi 5. Kwa mtoto au mtu mwembamba sana, uwe na probu bapa ya megahezi 7 hadi 12.
- Jeli, na kanga au shuka ya kumsitiri. Mzee akiona aibu atajikaza tumbo, na tumbo lililokazwa halipimiki.
- Maji safi ya kunywa, karibu lita moja kwa mtu mzima.
- Chombo chenye alama za mililita.
- Eksirei yenye kaseti ya sentimita 35 kwa 43. Kaseti ndogo ndiyo inayokata kinena.
- Majibu ya mkojo, pamoja na pH yake (kiwango cha uchachu). Ikiwa kuna uwezekano wa kutumia dawa ya kontrasti (inayong'arisha picha), kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, iwepo pia.
- Ikiwa mgonjwa ana mpira wa mkojo: koleo la kuubana, bomba la sindano kubwa na saline (maji ya chumvi) safi.
- Picha zake zote za zamani, hata zile alizofungia nguo.

Siti-skani sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Ni hatua ya mwishoni, na wagonjwa wengi hawataihitaji.

## Hatua ya 1: Muulize kabla hujamlaza

Msalimie kwa heshima ya kwao. "Mbukwa" moja kwa mzee wa Kigogo hufungua mengi kuliko fomu ya kurasa mbili. Kisha uliza, tena kwa maneno ya kawaida:

"Mzee wangu, shikamoo. Mkojo huwa unakatika ghafla katikati?"

"Marahaba. Unakatika, ndiyo."

"Ukikatika unafanyaje ili urudi?"

"Nainama. Au nalala ubavu."

Jibu hilo peke yake linakupeleka nusu ya safari. Jiwe huziba mlango wa kibofu, mtu akibadili mkao linasogea na mkojo unarudi. Ongeza maumivu yanayozidi mwishoni mwa kukojoa na damu inayotoka matone ya mwisho. Kwa mtoto wa kiume, muulize mama kama mtoto huvuta uume wake akikojoa. Akina mama wengi humchapa wakidhani ni tabia mbaya, kumbe maumivu ya kibofu yanasikika kwenye ncha ya uume.

Halafu uliza kile ambacho wengi wetu tunaruka. Aliwahi kufanyiwa upasuaji wowote chini ya kitovu? Aliwahi kukaa na mpira wa mkojo kwa wiki au miezi? Aliwekewa stenti, kijibomba cha kupitisha mkojo kutoka figoni, ambayo hakurudi kuitoa? Kwa mama: uliwahi kurekebishwa fistula? Uliwahi kuwekewa kitanzi, na nani alikuona kikitoka?

Swali la mwisho nalikazia kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Zamani kidogo nilimpima mama mmoja, nikaandika kwa kujiamini "jiwe la sentimita tatu, upande wa kulia". Bingwa alipolitoa akakuta kitanzi kimefunikwa na jiwe kama embe linavyofunika kokwa. Mama alikuwa akijua muda wote kwamba aliwekewa kitanzi miaka mingi nyuma. Aliambiwa kilidondoka chenyewe. Mimi sikumuuliza. Niliporudia eksirei yake nikaona alama ya T, hafifu lakini ipo.

Onyo. Homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, au mtu aliyeshindwa kukojoa kabisa, si mgonjwa wa kumnywesha maji na kumpanga foleni. Huyo ni dharura. Ondoa mkojo, anza matibabu, picha zifuate.

## Hatua ya 2: Kibofu kijae

Kibofu kitupu ni mfuko uliokunjamana. Mikunjo yake huficha jiwe, na gesi ya utumbo hushuka na kukaa mbele yake. Mpe mtu mzima maji hatua kwa hatua, asubiri saa moja hivi bila kwenda chooni. Unalenga mililita 250 hadi 350. Mtu aliyesafiri na basi tangu alfajiri bila kunywa maji kwa kuogopa kukosa choo njiani, na huku kwetu ndio wengi, anaweza kuhitaji saa moja na nusu. Usimkimbize.

Mwenye tezi dume kubwa usimlazimishe hadi alie. Hisia ya wastani ya kubanwa inatosha.

Mwenye mpira wa mkojo: ingiza saline taratibu mililita 200 hadi 300, kisha ubane. Ukianza kupima, kumbuka kwamba puto la mpira ni duara jeusi lenye ukingo mweupe. Nimeshaona ripoti iliyoliita "uvimbe wenye maji".

Umefanikiwa ukiona: kibofu cheusi kabisa kwenye skrini, kuta zake zimenyooka, na unaweza kuziona zote nne.

## Hatua ya 3: Tafuta weupe, kisha kivuli chake

Weka probu juu ya mfupa wa kinena, uinamishe kidogo kuelekea miguuni. Pita kwa urefu kutoka kulia hadi kushoto, kisha kwa upana kutoka juu hadi chini. Usisimame pale unapoona jiwe la kwanza. Mawe hupenda kuwa na wenzake.

Jiwe ni doa ng'aavu lenye kivuli cheusi, safi, kinachoshuka nyuma yake kama kivuli cha nguzo. Kivuli cha gesi ni cha kijivu na kichafu. Kivuli kikikosekana, usikate tamaa bado. Jaribu haya:

Shusha fokasi iwe usawa wa doa. Pandisha masafa ya probu. Kama mashine yako ina kitufe cha kuchanganya picha za pembe nyingi, kizime. Kinapendezesha picha lakini hudhoofisha vivuli, na vivuli ndivyo unavyovitafuta. Halafu washa dopla ya rangi (inayoonyesha mwendo wa damu), panua skeli ya kasi, weka kisanduku juu ya doa. Jiwe lenye uso wa kukwaruza litamemeteka rangi mchanganyiko nyuma yake, nyekundu na bluu kwa fujo, ilhali hakuna damu inayopita hapo. Kumemeteka huko kumenisaidia kwa vijiwe vya chini ya milimita 5 kuliko kitu kingine chochote.

Tahadhari na ukuta wa mbele. Sehemu iliyo karibu na probu hujaa mwangwi wa uongo, ukungu mweupe. Jiwe linaloning'inia pale hufichwa na ukungu huo. Punguza geini (ung'avu wa mwangwi) ya sehemu ya juu ya picha na ubadili pembe.

Pima unene wa ukuta pia. Kibofu kilichojaa vizuri hakizidi milimita 3 hivi. Ukuta mnene wenye vijimifuko unakwambia kibofu hiki kimekuwa kikisukuma dhidi ya kizuizi kwa muda mrefu.

## Hatua ya 4: Mgeuze

Hapa ndipo rufaa nyingi zinapofia. Mgonjwa anapimwa chali, picha moja inapigwa, ripoti inaandikwa. Chali peke yake haikwambii kama jiwe limelala au limeshikwa.

Mgeuze ubavu wa kushoto, subiri sekunde kumi, angalia. Ubavu wa kulia, vivyo hivyo. Mwisho kifudifudi. Kama ni mzee sana, mjamzito au ana tumbo kubwa, mwambie apige magoti na kuegemea viganja, kisha upime kutoka chini. Inaonekana kichekesho, lakini inafanya kazi.

Sasa soma kilichotokea.

Limebingirika na kuanguka upande wa chini, lina kivuli. Jiwe huru. Endelea hatua ya 5.

Limeelea kwenda juu. Ni hewa, hasa kwa aliyewekewa mpira karibuni. Jiwe halielei.

Limehama polepole kama tope, halina kivuli. Bonge la damu, usaha au mashapo. Rudia baada ya siku kadhaa au baada ya kusafisha kibofu.

Halikuhama, liko nyuma pembeni, pale mrija wa figo, unaoleta mkojo kutoka figoni, unapoingilia. Huenda si jiwe la kibofu kabisa bali ni la mrija, limekwama mlangoni. Fuata mrija kwenda juu: umetanuka? Figo ya upande huo imejaa maji? Weka dopla uone kama mkojo unaruka kutoka tundu hilo kama upande wa pili. Tofauti hii si ya kitabuni. Jiwe la mrija lisiposhughulikiwa hula figo kimyakimya.

Katika eneo hilohilo unaweza kuona kipovu chembamba kama puto dogo ndani ya kibofu, na jiwe ndani yake. Hiyo ni ncha ya mrija iliyovimba tangu kuzaliwa. Jiwe litacheza ndani ya puto bila kutoka.

Halikuhama, liko nje kidogo ya mstari wa ukuta. Tafuta kifuko kilichochomoza na shingo yake. Ukishaona shingo, ipime. Wakati mwingine jiwe limeota pande zote mbili za shingo, nusu ndani ya kifuko na nusu kibofuni, limebanwa katikati kama kibuyu chenye kiuno. Jiwe la kibuyu halitoki kwa njia rahisi, na bingwa asipolijua mapema atalikuta mezani.

Halikuhama, linaning'inia kutoka juu au mbele. Fikiria uzi wa upasuaji uliopenya ukutani, au kitanzi. Rudi kwenye kovu na maswali ya hatua ya 1.

Halikuhama, kitako chake ni kipana, na dopla inaonyesha mishipa ya damu ndani. Huo ni uvimbe wenye gamba la chokaa hadi uthibitishwe vinginevyo. Usiandike "jiwe". Apelekwe kuangaliwa ndani ya kibofu kwa kamera, haraka. Kuwa makini zaidi kwa mtu aliyekulia maeneo ya kichocho cha mkojo, na wa namna hiyo tunao wengi wanaokuja Dodoma kutoka Shinyanga, Tabora na kanda ya ziwa.

## Hatua ya 5: Akojoe, upime tena

Mpe chombo, akojoe, arudi kitandani. Pima mabaki: urefu mara upana mara kina, kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.52. Jibu ni mililita. Kwa mtu mzima mabaki yanayozidi 100 yanakutaka utafute kizuizi: tezi dume, njia ya kutolea mkojo nje iliyosinyaa, au mishipa ya fahamu iliyoumia mgongoni. Tezi dume nayo ipime kwa hesabu hiyohiyo.

Kisha pima figo zote mbili. Hakuna kisingizio cha kuziruka.

## Hatua ya 6: Eksirei, siku hiyohiyo

Kibofu sasa ni kitupu na mgonjwa yuko jirani, kwa hiyo piga leo. Aliyetoka Kondoa hatarudi kesho kwa ajili ya filamu.

Kabla ya yote, kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa: uliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, tena mkiwa wawili tu, si mbele ya mama mkwe. Ukiwa na shaka, pima ujauzito au baki na ultrasaundi.

Vua kila kitu kutoka kifuani hadi magotini. Shanga za kiunoni, hirizi, zipu, sarafu iliyofungwa kwenye pindo la kanga: vyote hivi nimewahi kuviona vikiitwa mawe. Kuhusu shanga na hirizi, usiamuru. Eleza kwa nini, mpe faragha, mpe na mahali pa kuviweka ambapo atavirudia mwenyewe.

Alale chali, kilovolti 70 hadi 75 kwa mtu mzima wa kawaida, apumue nje na kutulia. Ukingo wa chini wa kaseti upite chini ya kiungo cha mfupa wa kinena kwa sentimita 2 au 3. Kiungo hicho kisipoonekana kizima, filamu imeharibika na itarudiwa. Ndiyo, najua filamu ni chache.

Mitego ya weupe. Vijiwe vya kwenye mishipa ya vena ni vidogo, vya mviringo, vimekaa pembeni na chini, na mara nyingi vina kitobo cheusi katikati. Uvimbe wa kizazi uliogeuka chokaa hufanana na ua la koliflawa. Mstari mwembamba unaozunguka kibofu kizima kama ganda la yai si jiwe, ni ukuta ulioathiriwa na kichocho.

Mtego wa weusi. Filamu safi haimaanishi kibofu safi. Jiwe la asidi ya yuriki halionekani kwenye eksirei. Jiwe la amonia na yuriki, ambalo huwapata watoto wanaokua kwa nafaka tupu, protini kidogo ya wanyama na maji haba, huonekana hafifu au lisionekane kabisa. Ultrasaundi ikisema lipo na eksirei ikisema halipo, iamini ultrasaundi, kisha angalia pH ya mkojo. Ikiwa chini ya 5.5, asidi ya yuriki inapanda juu ya orodha. Ikizidi 7 na kuna maambukizi, fikiria jiwe la maambukizi.

## Hatua ya 7: Lisome umbo

Hapa panahitaji jicho zaidi ya mashine. Jiwe lenye miiba pande zote, kama mbigili iliyokwama kwenye ndala, kwa kawaida ni la kalsiamu oksaleti. Miiba hiyo haiyeyushwi na mkojo wala kulainishwa na dawa. Jiwe lenye tabaka kama kitunguu limekua kwa vipindi, mara nyingi kwenye mkojo wenye maambukizi. Jiwe refu, lililonyooka isivyo kawaida, au lenye pembe kali katikati, lina kitu ndani. Maumbile hayachori mstari ulionyooka. Kitanzi, kipande cha mpira, waya, uzi: tafuta kiini.

## Hatua ya 8: Siti-skani, kwa aliye na sababu

Mtume mgonjwa kwenye siti-skani, kwa mfano Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma, kama jiwe halikuhama na hujui kwa nini, kama unashuku kitu cha kigeni, kama ni kubwa sana, au kama ultrasaundi na eksirei zinagombana. Kwa mtoto, fikiria mara tatu. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei.

Iombe bila kontrasti kwanza. Dawa ya kontrasti ni nyeupe, jiwe ni jeupe, kibofu kikijaa dawa jiwe linazama humo. Nimepokea zaidi ya mgonjwa mmoja aliyelipia kipimo kikubwa, na jibu likawa limefunikwa na dawa yenyewe. Omba vipande vya milimita 3 au chini, kiwango kidogo cha mionzi, na awamu fupi akiwa kifudifudi ikiwa swali ni la kuhama.

Ukisoma, badilisha dirisha, yaani mpangilio wa weupe na weusi wa picha. Kwenye dirisha la tishu laini jiwe lote ni weupe mtupu. Kwenye dirisha la mfupa, tabaka na kiini hujitokeza, na kitanzi huonekana kama kilivyo. Pima uzito wa weupe katikati ya jiwe, si ukingoni. Kwa makadirio, asidi ya yuriki huwa kati ya vipimo 200 na 450 vya Hounsfield (kipimo cha weupe kwenye siti-skani), jiwe la maambukizi 600 hadi 900, na kalsiamu oksaleti hupita 1,000. Viwango hupandiana, kwa hiyo visome pamoja na pH. Faida yake ni ya kweli: jiwe la asidi ya yuriki linaweza kuyeyushwa kwa dawa ya kupunguza uchachu wa mkojo, la oksaleti haliwezi.

MRI, kipimo cha sumaku, haina kazi hapa. Jiwe huonekana kama tundu jeusi, na chuma kisichojulikana ndani ya mtu ni sababu ya kutomwingiza kwenye mashine hiyo.

## Hatua ya 9: Andika ripoti inayosaidia

"Jiwe lipo kibofuni, apelekwe kwa bingwa." Ripoti hii haimsaidii mtu. Bingwa atarudia kila kitu, na mgonjwa atalipa mara mbili. Linganisha na hii:

> Jiwe moja, sm 4.1 × 3.2 × 2.8, lenye kiuno. Sehemu kubwa imo ndani ya kifuko cha ukuta wa nyuma kushoto, shingo ya kifuko mm 9, sehemu ndogo imetokeza kibofuni. Halihami ubavu wa kushoto, wa kulia wala kifudifudi. Kivuli safi. Ukuta wa kibofu mm 7, kibofu kikiwa na ml 280. Mabaki baada ya kukojoa ml 140. Tezi dume ml 62. Figo hazijatanuka. Eksirei: linaonekana, lina tabaka, hakuna chuma. pH ya mkojo 7.5. Hana kovu, hakuwahi kuwekewa mpira.

Ni sentensi fupi kumi na moja, na bingwa anaweza kupanga upasuaji kabla mgonjwa hajafika mlangoni kwake. Neno "halihami" ndilo atakalolisoma kwanza, na utaliandika tu kama ulimgeuza.

Mpe mgonjwa picha zote, mpya na za zamani, kwenye bahasha moja. Andika juu ya kila moja tarehe na mkao: chali, kushoto, kulia, kifudifudi. Mwambie asizikunje, na siku ya safari anywe maji asubuhi hata kama basi halisimami hadi Kibaigwa.